Sesiamu ndiyo mdudu gani?

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imebanwa kwa pini nyuma ya ankara. Mjomba aliichomoa kwenye bahasha, akaisogeza mbali na uso kama wafanyavyo watu waliosahau miwani nyumbani, akaisoma kwa kidole. Pilipili manga kavu, magunia kumi na manne, kutoka Amani, Muheza. Sampuli imepimwa mionzi. Chini kuna kijedwali, na mstari mmoja unasema Sesiamu-137, halafu alama ya "pungufu ya", halafu tarakimu.

"Mpwa wangu," akasema, "sesiamu ndiyo mdudu gani?"

"Ni mionzi, mjomba. Wanahakikisha haimo."

"Iingieje kwenye pilipili yangu?"

Hapo nikakwama. Mimi ndiye ninayemshughulikia makaratasi kila msimu, cheti hicho nimekilipia na kukifuatilia mara sijui ngapi, na sijawahi kujiuliza. Nikamwambia ni utaratibu tu. Akaitikia ile "haya" ndefu ya mtu mzima anayekusitiri, akarudisha karatasi mahali pake, tukahamia kwenye bei ya magunia.

Yeye alipanda basi la Muheza akaenda zake. Swali akaniachia.

Kitu kilichobaki

Habari ya Chernobyl, kile kinu cha nyuklia cha Ukraine, sitaisimulia, kila mmoja anaijua kwa namna yake. Mimi nilitaka kujua kwa nini hiki na si kingine. Kinu kile kilipopasuka Aprili 1986 kilitema vitu vingi. Iko iodini-131, ambayo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Iliwaumiza watoto kupitia maziwa, kisha ikaisha yenyewe kabla mwaka haujaisha. Iko sesiamu-134, yenye miaka miwili hivi. Na iko sesiamu-137, ambayo nusu yake huchukua miaka 30 kutoweka.

Kwa hiyo ile iliyoanguka 1986 ilifika nusu mwaka 2016. Ikifika 2046 itakuwa imebaki robo.

Ndiyo maana jina lake liko kwenye karatasi ya mjomba. Nyingine nyingi zimekwishaondoka, hii imekaa kama mgeni aliyefungua begi. Baada ya 1986 nchi nyingi zilianza kuogopa chakula cha wenzao, kila moja ikajiwekea mpaka wake. Jumuiya ya Ulaya iliweka bekereli 600, ndicho kipimo cha mionzi, kwa kilo moja kwa vyakula vingi kutoka nje, na 370 kwa maziwa. Uingereza, kwa nyama ya kondoo, ikasema 1,000. Japani tangu Aprili 2012 inasema 100. Kilo ileile ya nyama inaweza kuwa halali bandari moja na haramu bandari nyingine, na aliyeila hana habari.

Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde moja. Nilipojua hivyo nikadhani nimeelewa, kumbe ndiyo kwanza nachanganyikiwa, kwa sababu mjomba mwenyewe akipanda kwenye mizani ana bekereli kama 4,000 za potasiamu ya asili mwilini mwake. Wewe pia. Zimo kwenye ndizi, kwenye maharage, kwenye maziwa ya mama. Mwili unaihitaji potasiamu, unaipokea inayotosha na kuitoa iliyozidi, basi.

Ubaya ni kwamba sesiamu inafanana nayo. Mmea wenye njaa ya potasiamu ukikutana na sesiamu huifungulia mlango. Ng'ombe vilevile, na mtu vilevile.

Wiki tatu

Kisa kilichonikosesha usingizi si cha Ukraine, wala Belarusi. Ni cha milima ya Uingereza, mahali nilipodhani hapahusiki kabisa.

Wingu la Chernobyl lilifika huko mwanzoni mwa Mei 1986, na kwa bahati mbaya likakutana na mvua kubwa kwenye vilima vya Cumbria, Wales ya kaskazini na Scotland. Serikali ikasema hakuna neno. Halafu tarehe 20 Juni ikapiga marufuku kuhamisha na kuchinja kondoo kule Cumbria na Wales ya kaskazini, na siku chache baadaye Scotland. Kwa muda gani? Wiki tatu.

Wiki tatu zile hazikutolewa hewani. Kondoo akiondolewa kwenye nyasi chafu, sesiamu mwilini mwake hupungua nusu ndani ya wiki chache. Majani nayo huoshwa na mvua, kile kinachoshuka ardhini hubanwa na udongo, nyasi mpya huota safi. Hesabu imekaa vizuri. Wafugaji wakaambiwa wavute subira, wana-kondoo wao hawangeuzwa hata hivyo mpaka Agosti.

Mwisho wa Julai marufuku ikaongezwa, safari hii bila kikomo.

Iliondolewa tarehe 1 Juni 2012.

Nilirudia kusoma tarehe hiyo nikidhani ni kosa la uchapaji. Miaka 26! Mwanzoni ilihusu karibu mashamba elfu kumi na kondoo zaidi ya milioni nne. Mwishoni yalibaki mashamba zaidi ya 300, karibu yote Wales ya kaskazini. Kwa miaka yote hiyo mfugaji aliyetaka kuwatoa kondoo wake mlimani alilazimika kumwita mpimaji, kondoo ashikwe, kifaa kibanwe kwenye paja lake, anayezidi apakwe rangi. Mwenye rangi aliruhusiwa kuhama, kuchinjwa hapana. Fidia ya usumbufu ilikuwa pauni 1.30 kwa kila kichwa.

Nilikasirika kama vile kondoo ni wangu. Nikaandika rasimu nzima ya makala hii kuwashambulia wataalamu. Nikaifuta, na sababu nitaieleza.

Kurasa za kitabu cha zamani

Wale wataalamu hawakuwa wajinga, wala hawakusema uongo. Walichokijua kuhusu sesiamu na udongo kilikuwa kweli tupu, ila kilikuwa kweli ya udongo mwingine.

Chembe ya mfinyanzi wa aina fulani ukiikuza sana utaona imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu cha zamani ambacho kingo zake zimechakaa na kufunguka. Atomu ya sesiamu inaenea sawasawa kwenye uwazi ule. Ikiingia, kurasa zinajifunga juu yake. Mzizi hauifikii tena. Iko palepale shambani, kipimo kinalia ukikishusha chini, lakini mahindi yanaota kana kwamba haipo. Hilo limethibitishwa tena na tena kwenye mashamba ya mabondeni.

Kule mlimani hakuna mfinyanzi wa maana. Kuna mboji: majani na kuvumwani vilivyooza nusu kwa karne nyingi katika maji na baridi, laini, nyeusi, yenye tindikali. Kitabu hakina kurasa. Sesiamu inashuka, mzizi unaichukua, kondoo anakula, anakunya, inashuka tena. Mzunguko. Bondeni ilifungwa jela, mlimani iliachwa huru ikawa inatembeatembea kati ya nyasi na kondoo kwa robo karne.

Kuna mwanasosholojia wa Uingereza, Brian Wynne, aliyekwenda kukaa na wafugaji wa Cumbria na kuwasikiliza. Anasimulia mambo ambayo mkulima wa popote atayatambua. Wafugaji walishauriwa wawabakize kondoo kwenye malisho ya bondeni ambako nyasi ni safi zaidi. Ushauri mzuri, isipokuwa nyasi za bondeni ni chache na ndizo akiba ya majira ya baridi; ukizimaliza mwezi wa nane, mwezi wa kwanza utawalisha nini? Mtaalamu mwingine akazungumzia kuwalisha majani makavu ya nafaka, wakati kondoo wa mlimani hata kuyanusa hawayanusi. Kisha likaja jaribio la kumwaga unga wa mfinyanzi ardhini ili ubane sesiamu. Wakagawa vipande vya ardhi, kila kipande na kiasi chake cha unga, wakazungushia uzio na kuwafungia kondoo ndani ili wapimwe. Wafugaji wakasema kondoo wa mlimani hajui uzio, akifungiwa anakonda, mtapima kitu kisichokuwapo. Hawakusikilizwa. Baadaye jaribio likaachwa kimyakimya.

Na kulikuwa na jambo la ndani zaidi. Vilima vya Cumbria viko jirani na kiwanda cha nyuklia ambacho Oktoba 1957 kinu chake kimoja kiliwaka moto, maziwa ya eneo la kilomita za mraba mia kadhaa yakamwagwa. Wafugaji waliuliza: mna hakika sesiamu hii yote ni ya Chernobyl? Swali lilichukuliwa kama la kichokozi. Lakini sesiamu ina namna ya kujitaja umri, kwa sababu ile ya 134 huisha upesi na ile ya 137 hubaki. Ukilinganisha hizo mbili unajua ipi mpya na ipi ya kale. Vipimo vilionyesha sehemu isiyo ndogo ilikuwa ya kale, ya majaribio ya mabomu na mambo mengine yaliyotangulia. Ilikuwa imelala pale siku zote. Hakuna aliyekwenda kuitafuta mpaka wingu la wenzao lilipopita.

Hapo ndipo nilipofuta rasimu. Nilitaka mkosaji, nikawapata watu waaminifu waliopima udongo mmoja na kuusemea mwingine. Sijui kama hilo ni afadhali.

Sentimita tano

Japani walikuwa na vitabu vyote vya Chernobyl mezani. Mwaka 2011, tetemeko na tsunami vilipoharibu kinu chao cha nyuklia cha Fukushima, hawakungoja kuambiwa kwamba sesiamu hushikwa na mfinyanzi na kukaa juu juu. Walijua pia kwamba kwa miaka ya mwanzo karibu yote inakuwa ndani ya sentimita tano za kwanza, maadamu hujalima.

Basi wakazikwangua.

Kuna kijiji kinaitwa Iitate, mlimani, kama kilomita 40 kaskazini-magharibi ya kinu cha Fukushima. Kijiji cha watu 6,000 hivi, ng'ombe wa nyama, mpunga, maua. Baada ya tetemeko kiliwapokea wakimbizi kutoka pwani, maana kwenye ramani serikali ilikuwa imechora duara kuzunguka kinu na sehemu kubwa ya kijiji ilikuwa nje yake. Duara lilichorwa kwa bikari. Upepo wa tarehe 15 Machi haukuwa na bikari. Ulielekea kaskazini-magharibi, ukakutana na mvua na theluji, ukashusha mzigo Iitate. Aprili 22 ndipo wakaambiwa nao wajiandae kuhama.

Wengine walijaribu njia za upole. Alizeti zilipandwa kwa wingi mwaka huo, kwa imani kwamba zitaifyonza sesiamu. Wizara ya Kilimo ya Japani ilipopima, alizeti zilikuwa zimetoa sehemu moja kati ya elfu mbili ya kilichokuwamo ardhini. Kumbuka kurasa zilizojifunga: kinachomzuia mpunga kuichukua ndicho kinachomzuia alizeti kuifyonza. Huwezi kupata moja ukakosa jingine.

Majira ya baridi ya 2012 wakulima wa Iitate wakishirikiana na Profesa Masaru Mizoguchi wa Chuo Kikuu cha Tokyo waligundua kitu ambacho mtu wa mahali pa joto asingekiwaza. Baridi ilikuwa imegandisha udongo wa juu, unene wa sentimita tano hivi. Wakaubandua kama ukoko wa wali, vipande vizima, kwa mashine ya kuchimbia. Kisha wakachimba shimo palepale shambani, wakauzika, wakaufunika kwa udongo safi. Hesabu yao ni kwamba mfinyanzi umeishika sesiamu na hautaiachia, zika, subiri.

Njia ya serikali ilikuwa nyingine. Kwangua, tia kwenye mifuko mikubwa myeusi, panga, hamisha. Takriban meta za ujazo milioni 14 zilikusanywa kutoka mkoa mzima na kupelekwa kwenye hifadhi ya muda iliyoko Okuma na Futaba, miji iliyopakana na kinu chenyewe. Sheria inasema udongo huo uwe umeondolewa Fukushima ifikapo Machi 2045. Uende wapi, bado hakuna mkoa uliosema leteni. Julai 2025 udongo kidogo ulipelekwa Tokyo na kutumika kwenye bustani ya ofisi ya Waziri Mkuu ili wananchi waone hauna neno. Meta za ujazo mbili. Mbili kati ya milioni 14.

Nilibadilisha mawazo kuhusu jambo hili mara mbili, na huenda nikabadilisha tena.

Kwanza nilisema wamefanya sawa. Tangu mavuno ya 2012 mkoa wa Fukushima ulipima kila gunia la mpunga, la kilo 30, magunia kama milioni kumi kwa mwaka. Mwaka wa kwanza yaliyozidi mpaka yalikuwa 71. Mwaka wa pili 28, wa tatu 2, na kuanzia 2015 hakuna hata moja. Nani atabishana na sifuri?

Halafu nikasoma kwamba sehemu kubwa ya sifuri hiyo ilitokana na mbolea. Walimwaga potasiamu kwenye majaruba, mpunga ukashiba, ukaacha kuikimbilia sesiamu. Mbolea ya kawaida, ya chumvichumvi. Wakati huohuo, shamba lililokwanguliwa lilirudishiwa mchanga wa mlimani, mweupeupe, usio na rutuba. Mtu ambaye babu yake alianza kutia samadi, baba yake akaendelea, na yeye akaendelea, alirudi mwaka 2017 kijiji kilipofunguliwa akakuta rangi ya shamba lake si ile.

Sentimita tano unaweza kuzipima kwa rula. Zimekaa miaka mingapi kujengwa?

Na msitu haukuguswa. Robo tatu ya Iitate ni msitu, nao hauwezi kukwanguliwa. Uyoga, kuni, mboga za porini, vyote vikawa vitu vya kupimwa. Jivu ndilo lililonigusa zaidi. Kuni zikiungua, sesiamu haiungui, inabaki kwenye majivu imejikusanya. Kwa hiyo majivu ya jikoni, kitu ambacho bibi yangu hakuwahi kukitupa, kilichokwenda moja kwa moja kwenye migomba na mboga, kule kikawa kitu cha kukabidhiwa serikalini.

Msitu uliowadanganya Wajerumani

Nilipofika hapo nilikuwa nimepata jibu zuri la kumpelekea mjomba. Nitamwambia, wewe huna wasiwasi, udongo wako ni mwekundu, mfinyanzi mtupu, ukinyeshewa unang'ang'ania viatu.

Bahati nzuri nikaendelea kusoma kabla ya kufungua mdomo.

Kuna mfinyanzi na mfinyanzi. Ule wa kurasa ni wa udongo ambao bado kijana. Udongo mwekundu wa milima ya tropiki umenyeshewa mvua za joto kwa muda mrefu kupita kiasi. Kurasa zimekwisha, kilichobaki zaidi ni kaolini, mfinyanzi wa sahani za kauri, ambao sesiamu hautaibana vizuri. Ongeza tindikali, ongeza uhaba wa potasiamu, na unapata udongo ambao, laiti ungepata balaa kama ile, ungekuwa karibu na vilima vya Wales kuliko majaruba ya Fukushima. Kwa macho, ni mfinyanzi. Kwa tabia, siyo.

Na Amani ina historia yake ya kudanganya macho. Wajerumani walipofika Usambara Mashariki miaka ya 1890 waliona msitu mnene wakadhani chini yake kuna neema. Wakakata, wakapanda kahawa. Ikawashinda. Rutuba ilikuwa kwenye majani yanayoanguka na kuoza, kitabaka chembamba juu, chini yake udongo maskini wenye tindikali. Kituo chao cha utafiti wa kilimo walikijenga palepale Amani mwaka 1902, mashamba ya kahawa yakiwa yameshaanza kuwaharibikia.

Sisemi haya kutisha mtu. Hakuna kinu cha umeme wa nyuklia Afrika Mashariki leo. Ila vinazungumzwa: Uganda wanataja Buyende, Kenya walitaja Uyombo kule Kilifi na wananchi wakaandamana 2024. Katika mabishano yote niliyoyafuata nimesikia habari za samaki, ajira, mikopo, umeme. Sijasikia mtu akiuliza udongo wa upande ule unakopeleka upepo ni wa aina gani, na nani anaujua kwa jembe.

Vidole vitatu

Mwezi uliopita nilipanda Amani. Shikamoo, marahaba, chai ya iliki, kisha nikamweleza yote, kuanzia kondoo waliopakwa rangi. Hapo alicheka mpaka akatoa kofia. Mambo ya wiki tatu hayakumshangaza hata kidogo. Kilichomkamata ni zile sentimita tano.

"Ni kiasi gani kwa mkono?"

Nikamwonyesha: vidole vitatu vimelala.

Akainuka, akachukua jembe dogo lililoegemezwa ukutani, akashuka kwenye mteremko mpaka kwenye shina la mgruvilia linalobeba mpilipili wake. Akaondoa majani makavu kwa mkono. Akakata udongo mara moja, wima, akaufungua kama mtu anayekata mkate. Juu palikuwa peusi, pana mizizi midogo myeupe na mnyoo mmoja. Akaweka vidole vyake vitatu. Weusi uliishia chini kidogo ya kidole cha tatu. Kuanzia hapo ni nyekundu tupu, mpaka sijui wapi.

Akautazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Sasa kile cheti," akasema, "walipima hii?"

"Hapana, mjomba. Walipima pilipili."

"Hii hawakuchukua?"

"Hawakuchukua."

Akaurudishia udongo kwa nyayo, taratibu, upande huu na upande huu. Kisha akayakusanya yale majani makavu, akayarudisha moja moja juu yake.